Mwenye Mti na Anayeupanda: Wajibu Wetu kwa Wakwezi, Wachumaji na Wakata Matawi



Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati (22:8) limo agizo fupi ambalo ni nadra kusikika katika mahubiri. Anayejenga nyumba mpya anaagizwa aweke ukingo kuzunguka paa lake, ili mtu asije akaanguka na damu yake ikaihesabiwa nyumba hiyo. Nyakati hizo mapaa yalikuwa bapa, na watu walifanya kazi na kupumzika juu yake. Tazameni agizo limeelekezwa kwa nani. Hakuambiwa anayepanda, ameambiwa mwenye nyumba. Yeye ndiye anayeulizwa kwanza amefanya nini ili mwenzake asianguke.

Hapa Unguja wengi wetu hatuna paa la namna hiyo, lakini tuna mti: mnazi nyuma ya nyumba, mwembe uani, mikarafuu michache shambani. Parokia, shule na nyumba za watawa nazo zina miti yake. Katika makala hii tunaeleza kazi ya wanaoipanda kwa niaba yetu, na deni tulilo nalo kwao.

Ni watu gani tunaowazungumzia?

Wa kwanza ni wakwezi. Mkwezi hufunga kitanzi cha kamba miguuni, hukumbatia shina, na kukwea mnazi unaoweza kufikia mita 20 au zaidi, panga likiwa kiunoni. Wengi hudhani kazi yake ni kuangua nazi tu. Kwa hakika yeye pia ndiye tabibu wa mnazi. Akiwa kileleni huondoa makuti makavu, vilifu na makarara, hutazama kama mende mwenye pembe ametoboa moyo wa mnazi, na huacha vidaka vikomae. Mnazi usiopandwa kwa muda mrefu hujaa uchafu, na wadudu hupata maficho. Kwa kawaida hulipwa kwa hesabu ya minazi aliyoipanda, kwa fedha au kwa nazi.

Wa pili ni wachumaji wa karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikashika nafasi ya mbele. Hata hivyo mikarafuu ingalipo katika mashamba yetu, kama yale ya Kizimbani na Kindichi. Mchumaji huvuta tawi kwa ngoeko, huchuma vikonyo kabla maua hayajafunuka, na hulipwa kwa pishi. Tusisahau kwamba katika karne ya 19 kazi hii ilifanywa na watumwa, ambao uchovu na maumivu yao hayakuingia katika hesabu ya bwana shamba. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria hapa mwaka 1897.

Wa tatu ni wakata matawi wa mjini. Katika Mji Mkongwe mti hauwezi kuangushwa kama shambani. Vichochoro ni vyembamba, mapaa ya mabati yamekaribiana, nyaya za umeme zimepita katikati, na chini watu hawakomi kupita. Tawi hukatwa vipande, na kila kipande hufungwa kamba na kuteremshwa polepole. Mafundi hawa huitwa pia kung'oa miche ya jamii ya mtini inayoota katika kuta za mawe na chokaa. Ikiachwa ikue, mizizi yake hupenya ndani na kuupasua ukuta.

Hatari iko wapi?

Hatari ya kwanza ni mti wenyewe. Shina la mnazi huteleza baada ya mvua, hasa wakati wa masika. Matawi ya mkarafuu huvunjika kwa urahisi, nayo karafuu nyingi huwa nchani, mahali ambapo tawi ni dhaifu zaidi. Tawi la mwembe mzee laweza kuwa na majani mabichi ilhali ndani limeoza. Juu ya miti wamo nyigu na nyuki, na anayeumwa akiwa juu hana pa kukimbilia. Mjini kuna umeme, ambao waweza kumfikia mtu kupitia tawi bichi au ngazi ya chuma.

Hatari ya pili ni namna tunavyopatana. Anayelipwa kwa mnazi au kwa pishi hulazimika kupanda zaidi ili apate zaidi. Mvua ikinyesha siku mbili, nyumbani kwake hakuna kitu. Siku ya tatu shina lingali limelowa, nasi tunamhimiza kwa kuwa tuna wageni Jumapili. Atapanda, kwa sababu ana watoto. Tukisema kwamba amekubali mwenyewe, tumesema kweli nusu.

Anayeanguka kutoka juu ya mti na kunusurika huweza kuvunjika uti wa mgongo, na akabaki bila nguvu za miguu maisha yake yote. Hospitali yetu kubwa hapa mjini huitwa Mnazi Mmoja. Mnazi mmoja unatosha kuibadilisha familia nzima.

Kanisa linatufundisha nini?

Nabii Amosi alipoambiwa aondoke Betheli, alijibu kwamba yeye ni mchungaji na mtunza mikuyu (Amo 7:14). Mungu alimtwaa mtu wa miti akamfanya msemaji wake, na ni yeye aliyewakemea waliomuuza maskini kwa bei ya jozi ya viatu (Amo 2:6).

Papa Leo wa XIII, katika Waraka wa Rerum novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba juu ya mapatano ya mwajiri na mfanyakazi ipo haki ya asili iliyo kubwa zaidi: ujira umtoshe mfanyakazi kuishi. Mtu akikubali masharti magumu kwa kuogopa njaa, amedhulumiwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2434) inarudia kwamba makubaliano peke yake hayatoshi kuuhalalisha ujira. Naye Mtakatifu Yohane Paulo wa II, katika Laborem exercens ya mwaka 1981, alieleza kwamba thamani ya kazi hutokana kwanza na utu wa anayeifanya. Aliongeza kwamba matibabu, hasa baada ya ajali kazini, ni sehemu ya haki ya mfanyakazi.

Wengi wa mafundi hawa ni ndugu zetu Waislamu, nao wamefundishwa kwamba mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Torati nayo inaagiza ujira wa kibarua usilale hadi asubuhi (Law 19:13). Hapa hatuna la kubishana na jirani. Tuna la kutekeleza pamoja.

Tufanye nini?

*Kabla ya kazi.* Tumwache fundi autazame mti, na neno lake liwe la mwisho. Akisema leo haupandiki, tusitafute mwingine aliye na shida kubwa zaidi. Katika mfano wa mtini usiozaa (Lk 13:6-9), aliyejua dawa ya mti hakuwa mwenye shamba, bali mtunzaji wake. Palipo na nyaya, Shirika la Umeme Zanzibar liarifiwe kwanza. Tupatane bei pamoja na kamba nzuri na msaidizi wa chini, kwa maana mti hauendi ila kwa nyenzo.

*Wakati wa kazi.* Watoto wawekwe mbali, njia izuiwe, na mtu mzima abaki karibu hadi fundi ashuke. Asiachwe peke yake shambani.

*Akianguka.* Tusimwinue kwa mikono na miguu, tusimketishe, wala tusimpakie bodaboda. Shingo na mgongo visitikiswe. Tutazame kama anapumua, tuzuie damu kwa kitambaa safi, tusimpe cha kunywa, na tuite msaada. Ikilazimu kumhamisha, watu kadhaa wamwinue kwa pamoja, mwili ukiwa umenyooka, wamlaze juu ya ubao au mlango.

*Baada ya kazi.* Tulipe siku ileile. Aidha, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF) una mpango wa hiari kwa waliojiajiri. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zaweza kuwaeleza mafundi wa mitaa yao namna ya kujiunga, na mwenye miti mingi aweza kuwachangia wale anaowatumia kila msimu.

Kanisa Kuu letu la minara miwili limewekwa chini ya Mtakatifu Yosefu, mtu aliyekula kwa kazi ya mikono yake. Kila tarehe 1 Mei tunamwadhimisha akiwa Mfanyakazi. Tunawaalika wenye miti wote, pamoja na halmashauri za parokia, wajiulize kabla ya msimu ujao: ukingo wa paa letu uko wapi?