Mpangaji katoka, chumba hakijafagiwa

Nilikuwapo katika ofisi moja asubuhi ya siku ya mishahara. Ofisi hiyo ina mashine moja kubwa iliyobeba kompyuta pepe mbili, yaani kompyuta zinazoundwa kwa programu ndani ya nyingine. Moja ni ya michoro, moja ya mishahara. Ile ya michoro ikaganda. Tukaizima, tukaiwasha, kadi ya picha kimya. Dawa ikawa kuzima mashine nzima, na mhasibu akakatizwa katikati ya hesabu. Maneno niliyoambiwa hayafai redioni.

Kwa kawaida kompyuta pepe hupewa vifaa vya kuigiza. Lakini mwenye mashine aweza kuikabidhi kifaa chenyewe iwe nacho peke yake. Linux hufanya hivyo kwa VFIO, iliyoingizwa mwaka 2012. Kazi huenda mbio. Taabu iko siku ya kuhama. Mpangaji akizimwa, kadi haizimwi: umeme bado inaupata, na kumbukumbu yake bado imeshika mambo ya aliyetoka. Isiporudishwa katika hali ya mwanzo, mpangaji mpya aweza kukuta siri za mwenzake, au kadi igome, kama ilivyotugomea sisi.

Kanuni za PCI Express zinacho kitendo kiitwacho FLR, kinachosafisha kifaa kimoja bila kugusa jirani, nacho hupewa milisekunde 100 tu kumaliza. Ajabu ni kwamba kwa kadi nyingi ni hiari, na watengenezaji wengine hukiacha. Hapo hujaribiwa kuilaza kadi usingizi na kuiamsha, ila zipo zinazoamka bila kusahau kitu. Hubaki kusafisha tawi zima la njia ya data, sawa na fundi anayekata umeme wa korido nzima kwa balbu ya chumba kimoja. Kama kwenye tawi hilo kuna kifaa cha mpangaji mwingine, Linux hukataa, na ina haki.

Basi mwenye kadi aandike lspci -vv, akiwa na mamlaka ya msimamizi. Akiona FLReset+ kitendo kipo; asipoiona popote, hakipo. Hata hiyo alama ya kujumlisha msiiamini mno: zipo kadi zinazojitangaza hivyo na bado zikakwama, na ndani ya Linux mna orodha yake.