Mgombea Akija, Tumwulize Nini?

Uchaguzi ukikaribia, wageni huwa wengi kijijini. Hapa Tanzania, tarehe 27 Novemba 2024, tulichagua wenyeviti wa vijiji na wajumbe wa halmashauri za vijiji. Uchaguzi huo hufanyika kila baada ya miaka 5.

Kijiji kikiwa karibu na mji, neno kubwa huwa ardhi. Mgombea mmoja husema, "Mji unakuja. Tupime viwanja, watu wajenge nyumba bora." Mwingine husema, "Mashamba yakiisha tutakula nini? Kwanza tuchimbe kisima." Wa tatu huahidi vyote, na barabara vilevile! Tumchague nani?

Ahadi tu haitoshi. Tuwaulize: Viwanja vitapimwa wapi? Mwenye shamba atalipwa nini? Vijana wetu watajenga wapi? Fedha za kisima zitatoka wapi? Anayejibu waziwazi ndiye wa kufikiriwa.

Tena tujue sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujakubali. Na mkutano mkuu ni nani? Ni sisi wenyewe, wanawake kwa wanaume, wenye miaka 18 na zaidi. Kumbe mwenyekiti hawezi kugawa ardhi peke yake!

Basi siku ya mkutano tusibaki nyumbani. Kusoma tunajua sasa. Tukiletewa karatasi, tuisome kwanza, ndipo tutie sahihi. Shamba likishakwenda, kulia hakulirudishi.