Fahamu: Kadi mbili za grafiki na uniti za cashpower Kigali

Kadi moja ya RTX 5090, iliyotoka Januari 2025, hula hadi wati 575. Ukifunga mbili kwenye kompyuta moja, kama wafanyavyo wanaoendesha modeli za akili mnemba nyumbani, tayari ni wati 1,150. Ongeza prosesa, feni na diski: unakaribia 1,500, sawa na kuwasha balbu 150 za wati 10 kwa mpigo.

Kwa saa nane za kazi nzito, hizo ni uniti (kWh) 12. Mkazi wa Kigali anaziona zikiyeyuka kwenye mita ya cashpower, na bei ya uniti hupanda kadiri matumizi ya mwezi yanavyoongezeka.

Soketi yenyewe haina neno: kwa volti 230, ni ampea 6.5 hivi. Kasheshe iko kwenye pawa saplai. Kadi hizi hushtuka, zikivuta kwa kufumba na kufumbua kupita kiwango chake, kwa hiyo wengi hununua ya wati 1,600. Na ile UPS ndogo ya VA 650 chini ya meza? Italia na kuzima, hata umeme usipokatika.

Nafuu iliyopo ni kushusha kikomo cha kila kadi hadi wati 400 kupitia programu. Kasi inapungua, lakini si kwa kiasi ambacho umeme unapungua.