Pete na pingu

Vitu hivi viwili ni mviringo, na vyote vinavaliwa. Pete inaingia kidoleni, pingu inashika mkono. Lakini Kiswahili hakikuishia hapo.

Pete ni ya harusi. Ni pia ile ya mlangoni, mahali kufuli inapita. Marafiki wasioachana tunawaita pete na kidole. Pingu ni ya polisi, na hapa Bukavu wengi wanasema menoti. Zamani ilikuwa ya mtumwa: misafara ya karne ya 19 iliyoleta Kiswahili toka Zanzibar mpaka Maniema ilibeba pia minyororo. Halafu, kumbe, harusi yenyewe inaitwa kufunga pingu za maisha! Bibi zetu wakisikia hivyo wanacheka, wengine hawacheki.

Sisi watu wa mashimo tunazijua zote mbili. Pete ya gramu 4, ya karati 18, ina gramu 3 za dhahabu, maana dhahabu tupu ni karati 24. Hizo gramu 3 pengine zilitoka Kamituga ao Misisi, kwa kijana mwenye deni. Tajiri alimtolea chakula, tochi na mafuta ya pompi, sharti amuuzie yeye tu, kwa bei yake yeye. Mwezi unaisha, deni liko palepale. Ukimuuliza kwa nini harudi nyumbani, anajibu: «Nimefungwa.» Hakuna polisi, hakuna chuma, lakini neno ni lile lile. Ndiyo maana tunawaambia wenzetu: mbele ya kupokea avansi, iandikwe deni ni ngapi, gramu itahesabiwa bei gani, na kila mtu abaki na karatasi yake.

Pingu ile ya maisha, yenyewe, wengi wetu hatuifungi mpaka mwisho. Mama ana pete, mahari ilitoka, watoto wako, lakini kwenye komini hakuna kilichoandikwa. Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inatambua ndoa iliyofungwa kwa wazazi, ila inataka iandikishwe kwa ofisa wa eta sivili. Shimo likibomoka, hakuna atakayemuuliza mjane pete. Ataulizwa karatasi. Tumeshaona ndugu za marehemu wakifika siku ya matanga, wakabeba godoro, redio, mpaka mabati ya nyumba, na mama amesimama pale, pete kidoleni.