Brussels yatoza, Mulongwe yakatwa

Muuza vitenge wa Mulongwe, hapa Uvira, siku hizi anaweza kuishi bila duka. Asubuhi anapiga picha za mzigo ulioingia kupitia mpaka wa Kavimvira, anazirusha WhatsApp, na kabla jua halijawa kali mteja wa Baraka amekwishachagua vipande vitatu. Pesa zinaingia kwa M-Pesa au Airtel Money, vitenge vinapakiwa. Anayeshika noti ni kijana wa kabini kando ya barabara: meza, mwavuli, simu mbili na daftari la kuandikia namba. Siku akaunti ikiibwa, au tapeli akitumia picha zilezile kuwalia wateja pesa, mama huyu hajui abishe hodi wapi.

Ulaya wameweka mlango wa kubisha, na nyuma yake wameweka fimbo. Sheria yao ya huduma za kidijitali, inayobana majukwaa yote tangu tarehe 17 Februari 2024, inaruhusu faini ya hadi asilimia 6 ya mauzo ya kampuni duniani kote. Ile ya masoko ya kidijitali hufika asilimia 10. Aprili 2025 Apple ilitozwa euro milioni 500 na Meta milioni 200. Desemba ikafuata X, euro milioni 120. Mimi huvutiwa zaidi na jambo dogo lisilotajwa sana: majukwaa yenye watumiaji milioni 45 na zaidi katika Umoja wa Ulaya hulipa ada ya kugharimia usimamizi wao wenyewe. Anayechungwa ndiye anayemlipa mchungaji.

Hata hivyo, wenyewe kwa wenyewe wanavutana. Mei 2025 Tume ya Ulaya iliamua kuzishtaki Cheki, Hispania, Kupro, Polandi na Ureno kwa sababu hazikuteua ofisi ya kusimamia sheria hiyo, au ziliiteua bila kuipa mamlaka kamili.

Congo nayo ina sheria yake ya kidijitali, Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023. Inagusa majukwaa, biashara ya mtandaoni na data za watu, na imetaja mamlaka za kusimamia yote hayo. Lakini kifungu kilichopata umaarufu ni cha 360: anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo dhidi ya mtu anaweza kufungwa mwezi mmoja hadi sita na kutozwa faranga 500,000 hadi milioni moja. Mwandishi Stanis Bujakera, aliyekamatwa Kinshasa Septemba 2023 na kuachiwa Machi 2024, alishtakiwa pia kwa sheria hiyo. Fimbo ilimwangukia mtumiaji, jukwaa halikuguswa.

Na mtumiaji alikuwa ameshazoea. Nani amesahau RAM, ile tozo ya kusajili simu? Kuanzia Septemba 2020, mwenye simu ya kawaida alitakiwa dola 1 kwa mwaka, mwenye simu ya intaneti ya kasi dola 7, na zilikatwa kwenye unite. Unanunua unite asubuhi, unampigia mteja, unaambiwa salio halitoshi. Kelele zilipanda hadi bungeni, na mwanzoni mwa 2022 ikafutwa. Leta ilionyesha kwamba ikitaka kupitia kwa makampuni ya simu, inajua njia.

Congo kuibana Meta, mwenye WhatsApp, peke yake ni suala jingine. Nigeria iliitoza dola milioni 220 Julai 2024, na mahakama ya ushindani ikaikubali faini hiyo mwaka uliofuata. Lakini Nigeria ina watu zaidi ya milioni 200, soko ambalo hakuna kampuni inayoliacha kirahisi. Congo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Kanuni moja ya Jumuiya nzima ingesikika kuliko barua ya Kinshasa pekee, ingawa kwa mwendo wa Jumuiya hiyo tusishike pumzi.

Pesa za simu hazihitaji kungoja hayo. Wanaozitoa wana leseni ya Benki Kuu ya Congo, na ofisi zao ziko hapa nchini. Benki Kuu ianzie hapo: bei ya kutoa pesa ibandikwe kwenye kila kabini, na simu za malalamiko zipokelewe na mtu anayejibu kwa Kiswahili.