Kijani cha Oktoba

Mwishoni mwa Septemba na kuingia Oktoba, kabla mvua haijaanza, miombo inayozunguka bonde la Usangu huchipua majani mapya. Kwanza huwa mekundu, kisha hugeuka kijani, huku nyasi chini yake zikiwa bado zimekauka. Mwenyeji hashangai, kwa kuwa anajua miti hiyo ina mizizi mirefu na akiba yake ya maji. Kompyuta inayosoma picha za setilaiti haijui. Inaona kijani kinachoongezeka katikati ya kiangazi na, kama haikufundishwa vizuri, inaandika "umwagiliaji". Hivyo unaweza kupewa ramani yenye mashamba ya mfereji mlimani, mahali ambapo hapajawahi kupita mfereji.

Kosa la namna hiyo lina uzito Usangu kuliko sehemu nyingi, kwa sababu hekta za Usangu zimegombaniwa kwa zaidi ya miaka 30. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera hushuka kutoka nyanda za juu za Mbeya, Njombe na Iringa, ikaungana na Ruaha Mkuu uwandani na kulisha ardhi oevu ya Ihefu. Maji yanayobaki hupita kwenye kizingiti cha mawe pale Ng'iriama, yakaingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na mwisho yakafika bwawa la Mtera. Mwaka 1993 mto ulikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, viboko wakabanana kwenye madimbwi, na tangu hapo hali hiyo imejirudia karibu kila mwaka. Wengine waliwalaumu wafugaji, wengine wakata miti wa milimani, wengine wakulima wa mpunga. Na kila aliyelaumu alikuwa na tarakimu zake za hekta.

Sasa tuone setilaiti hupimaje. Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni. Chukua kiasi cha infraredi, toa kiasi cha nyekundu, kisha gawa kwa jumla ya vyote viwili. Utapata namba iliyo kati ya -1 na 1, ambayo wataalamu huiita NDVI. Udongo mkavu hukaa kwenye 0.1 au 0.2, mpunga uliofunga vizuri hufika 0.7 au 0.8, na maji yaliyotuama kwa kawaida huishusha namba chini ya sifuri.

Namba ya siku moja haisaidii sana. Machi, Usangu yote ni kijani: mpunga wa skimu, mpunga wa mvua, malisho, magugu. Kinachotenganisha ni mwendo wa namba hiyo mwaka mzima, juu ya kipande kilekile cha ardhi. Jaruba la mpunga lina mwendo wake. Desemba au Januari linajazwa maji, namba inazama. Miche inapandikizwa, na kwa majuma kadhaa setilaiti inaendelea kuona maji zaidi ya majani. Kisha mpunga unatoa machipukizi na kufunga, namba inapanda kwa kasi. Mei au Juni unaiva na kuwa wa manjano, inashuka. Nyasi za malisho hazianzi kwa kuzama. Miombo nayo haizami kamwe, na mwezi wake wa kuchipua ni mwingine kabisa. Ndiyo maana mtu akiniletea ramani ya umwagiliaji iliyotengenezwa kwa picha moja, hata iwe safi namna gani, huwa siiangalii mara mbili.

Picha zipo, tena bure. Landsat ya kwanza ilirushwa Julai 1972, na mwaka 2008 Marekani ilifungua hazina yake yote ili ipakuliwe bila malipo. Mwaka 2015 Ulaya ilirusha Sentinel-2 ya kwanza. Pikseli moja ya Landsat ina upande wa mita 30, yaani mita za mraba 900; ya Sentinel-2 ina upande wa mita 10. Ekari ina mita za mraba 4,047 hivi, kwa hiyo kwa hesabu ya harakaharaka inapata pikseli nne na nusu za Landsat, au 40 za Sentinel-2. Lakini gridi ya setilaiti haifuati tuta la mtu. Ekari ya mraba ina upande wa mita 64 hivi. Ukiiweka juu ya gridi ya Landsat, mara nyingi ni pikseli moja tu inayokaa nzima ndani ya shamba. Zilizobaki zinachanganya mpunga, tuta, njia ya ng'ombe na shamba la jirani.

Mashamba makubwa ya Kapunga, Mbarali na Madibira, kila moja likiwa na takriban hekta 3,000, hayapati shida hiyo. Mistari yake iliyonyooka huonekana hata kwenye picha za zamani. Anayeumia ni mkulima mdogo, na hasa vinyungu, yale matuta ya mboga na mahindi mabichi kwenye mabonde membamba ya Njombe na Iringa. Ndani ya pikseli ya mita 30 kinyungu hupotelea kabisa, ilhali maji yake yanatoka kwenye chanzo kilekile cha mto.

Kuna pia usumbufu wa mawingu. Mpunga wa Usangu hukua miezi ileile ambayo anga limefunga, na Landsat moja hurudi juu ya eneo lilelile kila baada ya siku 16. Mawingu yakikaa siku hiyo, umekosa. Hapo rada za Sentinel-1, zilizoanza kazi mwaka 2014, zinaokoa jahazi. Mawimbi yake hupenya mawingu. Jaruba lililojaa maji yaliyotulia huyarusha mawimbi upande wa pili badala ya kuyarudisha, kwa hiyo kwenye picha linatokea jeusi. Mpunga ukisimama juu ya maji, weusi unapungua.

Baada ya yote hayo, lazima mtu ashuke shambani na GPS, ili kompyuta ipewe mifano ya kweli na mingine ifichwe kwa ajili ya kuipima. Kazi hii haifanywi kwa kuangalia tu. Baada ya shikamoo, unamuuliza mzee mwenye jaruba maji yalimfikia lini. Aliye karibu na banio anaweza kukuambia kabla ya Krismasi, na aliye mwisho wa mfereji huohuo akasema Februari. Skimu moja, kalenda mbili. Ukiifundisha kompyuta kwa mashamba ya juu peke yake, wale wa mwisho wa mfereji watahesabiwa kuwa wanalima kwa mvua, na mkutano wa kugawana maji ukiitishwa kwa kufuata ramani hiyo, hawamo.

Hata katika ngazi ya dunia wataalamu wametofautiana. Karibu miaka 20 iliyopita taasisi ya utafiti wa maji ya IWMI ilihesabu kwa setilaiti ikapata karibu hekta milioni 400 za umwagiliaji duniani, wakati ramani ya FAO, iliyotegemea zaidi takwimu za serikali, ilikuwa na takriban milioni 280. Takwimu za serikali huwasahau wenye visima na mifereji yao wenyewe. Pikseli kubwa nazo huhesabu njia na vichaka kuwa shamba.

Kwa Usangu, kutafuta hekta ngapi kwa namba moja ni kujisumbua. Eneo la mpunga hutanuka na kunywea kwa kufuata mvua, kuanzia hekta kama 20,000 mwaka mkavu hadi zaidi ya 40,000 mwaka mzuri. Tena mpunga huo mwingi hunywa wakati mito imejaa, na huo ndio wakati ambao Mtera nayo hujaa. Ruaha hukauka baadaye, kuanzia Agosti hadi Novemba, mito ikiwa imebaki vijito. Wakati huo bustani chache za vitunguu zinaweza kuamua kama tone litapita Ng'iriama, japo kwenye jumla ya hekta za mwaka hazionekani.

Watafiti waliochunguza bonde hili mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 walikuta jambo gumu zaidi kwa mchora ramani. Mabanio yaliendelea kuchukua maji kiangazi wakati mashamba mengi hayana kitu. Sehemu ilitumika majumbani, kwa kuwa vijiji vimejengwa kando ya mifereji na watu hawana bomba. Nyingine ilitapakaa kwenye majaruba matupu ikavukiza. Hapo hakuna mmea wa kutafutwa. NDVI itakuambia udongo, na ramani ya mashamba ya umwagiliaji itaandika sifuri juu ya maji yanayopotea.

Kinachofaa kwa miezi hiyo ni joto. Landsat hupita yapata saa nne asubuhi, na kipimajoto chake huona udongo unaovukiza maji ukiwa wa baridi kuliko mkavu ulio kando yake. Pikseli za joto ni kubwa, mita 100 kwa upande, lakini majaruba yaliyolowa kwa mapana huonekana. Ramani ya Agosti hadi Oktoba ya namna hii haitakuwa na zao lolote, na kwa mwenye kugawa maji ina faida kuliko ramani ya Machi yenye kijani tele. Haitampa lita, na kibali cha maji hutaja kiasi cha maji wala si hekta. Lita atazipata banioni, kwenye kipimo kilichochorwa ukutani mwa mfereji, kikisomwa asubuhi na jioni na mtu anayelipwa kukisoma.