Gharama ya Kumfunza Popi

Hesabu hii ilianza na kanzu ya mzee wa jirani. Alikuwa akipanda kwenda swala ya alfajiri, ukungu bado umelala juu ya migomba, na mbwa wetu Popi, wakati ule ana miezi mitano, akamrukia kwa furaha na kumlamba kuanzia kiganja hadi mkono wa kanzu. Mzee hakugomba. Aligeuka, akarudi kwake kuosha mara saba, moja kwa udongo, na swala ya jamaa ikampita. Jioni nikaenda kumwomba radhi.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Kaa. Mimi sina ugomvi na mbwa. Suratul Maida imeruhusu hata windo la mbwa aliyefundishwa. Ila huyu wako hajafundishwa.”

Nilirudi nyumbani na neno hilo, nikachukua daftari la shule la mwanangu lenye kurasa zilizobaki, nikaandika upande mmoja shilingi, upande wa pili dakika. Hapa Kighare, kijijini kwetu milimani, mbwa ni wa nje. Anafukuza ngedere kwenye migomba, anabweka usiku, anakula makoko ya ugali, na akifanya kosa anapigwa jiwe. Kusema unalipia mafunzo ya mbwa ni kujitafutia kicheko cha wiki nzima pale kwenye kahawa. Basi nikapiga simu kimyakimya.

Mkufunzi wa kwanza yuko Moshi na anapokea mbwa kama bweni linavyopokea wanafunzi. Alitaka shilingi 250,000 kwa mwezi, kwa miezi 2, na chakula mbali, 60,000 kila mwezi. Mabasi yetu hayapakii mbwa, na hata kondakta mwenye huruma ana abiria wasio na huruma, kwa hiyo ni gari la kukodi: 80,000 kumpeleka na 80,000 kumfuata. Jumla 780,000. Wa pili alikubali kuja mwenyewe mara moja kwa wiki kwa wiki 8, kila safari 40,000 na nauli 15,000. Jumla 440,000. Wa tatu hakuwa mkufunzi bali muuzaji wa Dar es Salaam. Ana jamani shepadi wa mwaka mmoja na nusu, “amekamilika kila kitu”, kwa 1,500,000. Baridi ya huku ingemfaa sana yule mbwa. Mfuko wangu ndio usiomfaa.

Njia ya nne ni mimi mwenyewe. Kola na kamba ya katani, 12,000. Dagaa wa kumtunza anapofanya vizuri, kilo moja kila wiki mbili kwa wiki 10, kilo ikiwa 9,000, ni 45,000. Hiyo ni 57,000, pamoja na dakika 15 kila siku zilizogawanywa mara tatu. Kwa siku 70 zinakuwa saa 17 na nusu. Kwa mtu anayelima, anayefuga na anayefundisha watoto wa watu, saa hizo si bure. Ziandike.

Kabla ya njia zote nne kuna matumizi ambayo hayaingii kwenye ushindani: chanjo. Nimekutana na watu walionunua mnyororo wa 20,000 kwa mbwa asiyewahi kuchomwa sindano ya kichaa cha mbwa. Sindano hiyo hutolewa mbwa akifika miezi mitatu na kurudiwa kama mtaalamu wa mifugo anavyoelekeza, na mara nyingi kampeni hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani. Ukiiruka, mtu mmoja tu akiumwa atahitaji jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha sindano za hospitali kwa siku tofauti, kila siku na nauli yake ya kushuka na kupanda. Upo ugonjwa mwingine, distempa, nao hauko mbali na sisi. Desemba 2000 uliingia kwenye mabanda ya mbwa mwitu waliokuwa wakizalishwa Mkomazi, chini ya milima hii hii, na ndani ya miezi 2 ukaua 49 kati ya 52. Wale walikuwa na uzio, walinzi na madaktari. Popi ana banda la mabanzi na mimi. Alichanjwa kwanza, kola ikafuata.

Jirani yangu wa bondeni alichagua bweni, mwaka juzi, kabla sijaota kuwa na mbwa. Mbwa wake alirudi kama askari wa gwaride. Ukisema “sit” anakaa, ukisema “stay” habanduki hata kuku wapite mbele yake. Tulikwenda kumtazama kama tunavyokwenda kutazama bi harusi. Baada ya wiki tatu alikuwa anawafukuza kuku wale wale. Nyumbani kwa jirani bibi humwita mbwa kwa lugha yetu ya Chasu, baba kwa Kiswahili, na watoto kwa Kiingereza cha katuni, na hakuna aliyejua kwamba yule mbwa alizoea kutunzwa papo hapo anapotii. Mbwa alikuwa amesoma, nyumba haikusoma. Polisi wanalielewa hili vizuri kuliko sisi, ndiyo maana mbwa wao hufunzwa pamoja na askari atakayemshika kamba.

Mkufunzi wa Moshi mwenyewe, kwa uungwana ambao sikuutarajia kwa mtu anayetafuta mteja, aliniuliza swali moja: “Mwalimu, nikikurudishia huyo mbwa, saa kumi na moja alfajiri nani atakuwa naye getini?” Nikanyamaza. Ni mimi. Hapo ndipo 780,000 zilipofutwa kwenye daftari.

Sasa daftari lenyewe. Wiki ya kwanza nilibandika maneno matano kwenye mlango wa jikoni: njoo, kaa, subiri, acha, nyumbani. Kila mtu ayatumie hayo, bila kuongeza la kwake. Mama mkwe alikubali baada ya siku mbili za mgomo. Nilikuwa nabofya kifuniko cha kopo la jamu, tak, pale pale Popi anapokalia matako, kisha dagaa. Mlio ule unamwambia mbwa ni tendo lipi hasa lililolipwa, kwa sababu mpaka uingize mkono mfukoni yeye ameshasimama na kunusa kiatu. Siku ya nne alikaa mara 9 kati ya 10. Nikajiona bingwa.

Wiki ya pili tulianza somo la kutorukia watu. Sheria ni nyepesi kuisema: akiruka, geuka umpe mgongo, usimtazame, usiseme, miguu yote minne ikiwa chini, mtunze. Siku tatu za mwanzo kuruka kulipungua. Siku ya tano na ya sita kukazidi kuliko mwanzo, anaruka mpaka kiunoni, anabweka, anavuta sketi. Hapa ndipo wengi hushika fimbo na kusema njia haifai. Kumbe ni sawa na mtu aliyezoea mlango unaofunguka kwa kusukumwa kidogo. Siku ukigoma, atausukuma kwa bega kwanza kabla ya kuondoka zake. Ukimkubalia siku hiyo ya bega, umemfundisha kwamba bega ndilo linalofungua. Siku ya tisa Popi alichoka. Siku ya kumi na moja mgeni kutoka Same alimpigapiga kichwani huku mbwa amesimama kwa miguu ya nyuma, “ah, mwacheni, mbwa mzuri huyu”, na tukarudi nyuma siku nne.

Wiki ya tatu alimuua tetea wa jirani. Nililipa 25,000, na 57,000 zangu zikawa 82,000. Kosa halikuwa la mbwa peke yake. “Acha” nilikuwa nimeifundisha uani, penye utulivu, halafu nikaitegemea mbele ya kuku anayekimbia, sawa na kumpa mtoto wa darasa la kwanza mtihani wa kidato cha nne. Tangu siku hiyo kamba haikutoka mkononi nje ya uzio mpaka wiki ya saba.

Alipofikisha miezi minane, maneno yote matano yakayeyuka. Naita, ananitazama, anaendelea na shughuli zake. Hapa naomba msomaji mwenye hela mkononi asimame kidogo. Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walichapisha uchunguzi wa mbwa walioandaliwa kuwaongoza vipofu, wakaona kwamba mbwa wa miezi minane huitii kidogo amri ya kukaa ikitoka kwa mlezi wake kuliko alivyoitii akiwa na miezi mitano. Ikitolewa na mtu mgeni, utii haukushuka hivyo. Ni ujana, nao hupita. Lakini fikiria soko lake: huo ndio umri ambao mwenye mbwa hukata tamaa na kutafuta mkufunzi, na mkufunzi ni mgeni. Mbwa atamtii mbele ya macho yako, nawe utahesabu noti ukiamini umenunua utii. Kwa hiyo kama utalipa, lipa mbwa akiwa mdogo, au subiri ujana upite. Usinunue katikati ya dhoruba.

Mkufunzi anayekuja nyumbani ndiye pekee ambaye ningemlipa, na kwa kweli nilimlipa, mara mbili tu badala ya nane: 110,000. Nilimwita wiki ya pili na wiki ya saba, nikamwambia asimshike mbwa bali anitazame mimi. Alinionyesha kwamba natoa dagaa nimechelewa na kwamba nikiinama mbele Popi hurudi nyuma. Mambo hayo mawili yaliniokolea, nadhani, mwezi mzima. Hata hivyo, kabla ya kumwita nilimuuliza mbwa akikosea yeye hufanya nini. Mmoja niliyempigia kabla yake alijibu kwa kujivuna kuhusu mnyororo wenye meno. Nikamshukuru, nikakata simu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili, lakini tuiweke sheria kando. Hata kama biashara, fimbo ni bidhaa mbovu. Uchunguzi wa mbwa 92 wa shule za mafunzo huko Porto, Ureno, uliochapishwa pia mwaka 2020, ulikuta kwamba waliofunzwa kwa adhabu walionyesha dalili nyingi zaidi za wasiwasi, na homoni ya msongo ilipanda zaidi baada ya somo. Mbwa mwenye hofu getini kwangu, njia ya msikitini, ni deni linalongoja kuiva.

Jamani shepadi sikumkataa kwa bei tu. Mbwa aliyekamilika Dar es Salaam hajawahi kuona ngedere, wala kanzu nyeupe ikitokea kwenye ukungu. Anayelinda ghala au lodji huko barabarani, mwenye mlinzi mmoja wa kudumu, huyo ningemshauri amfikirie, mradi mlinzi akae naye kwanza kwa muuzaji hata wiki moja.

Mpaka leo nimetumia 192,000, tetea akiwa ndani yake. Asubuhi hii saa kumi na moja Popi alikaa getini, kamba imelegea, mzee akapita na fimbo yake. Hakusimama. Alisema tu, “Kaa hapo hapo, bwana mdogo,” na mbwa, kwa kuwa neno lilikuwa lile lile la mlango wa jikoni, akabaki chini. Nikabofya kifuniko. Kisha ngedere akalia huko juu kwenye migomba, kamba ikanichubua kiganja, na tukaonana tena baada ya nusu saa.

Jumamosi namalizia wavu wa banda la kuku la jirani, mita nne kwa 18,000. Nayo nimeiandika upande wa shilingi.